Namna ya Kusoma Masomo ya Darasani ya Leseni ya Urubani kwa Anga la Afrika Mashariki

Mwanafunzi anayeanza kusomea leseni ya rubani binafsi katika Afrika Mashariki hukabidhiwa vitabu ambavyo, kwa sehemu kubwa, vimeandikwa Uingereza au Marekani. Ni vitabu vizuri, na hakuna haja ya kuvikwepa. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vinavyotajwa humo viko karibu na usawa wa bahari, mvua yake huletwa na mipaka ya hewa ya baridi na hewa ya joto, na saa yake si ya kwetu. Anayesoma kwa kukariri tu anaweza kufaulu mtihani na bado akashindwa kueleza kwa nini ndege aliyopewa inachelewa kuacha njia ya kurukia pale kiwanja cha Wilson, Nairobi, wakati wa mchana. Kwa hiyo pendekezo la mwongozo huu ni moja: kila sura unayoimaliza, ifanyie hesabu upya kwa takwimu za kiwanja utakachorukia, na masomo yote uyafunge katika safari moja unayoweza kuichora kwenye ramani.

Kabla ya kununua vitabu

Anza na daktari wa anga. Leseni ya rubani binafsi hudai cheti cha afya cha daraja la pili, na leseni ya biashara hudai cha daraja la kwanza. Ikiwa nia yako ni kuifanya kazi hii kuwa ajira, omba kipimo cha daraja la kwanza tangu mwanzo, kwa maana kasoro ya macho au ya moyo inayogunduliwa baada ya karo kulipwa ni hasara isiyorudishwa. Viwango vya chini vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo mamlaka za nchi zetu huvifuata, kwa leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au saa 35 kwa anayefundishwa katika kozi iliyoidhinishwa. Kiingereza cha redio nacho hupimwa, na kiwango cha chini kinachokubalika ni cha 4 katika ngazi sita.

Kisha pakua kanuni za utoaji wa leseni kutoka kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, iwe KCAA ya Kenya, TCAA ya Tanzania au ya Uganda. Kanuni hizi zinafanana sana, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuzioanisha. Humo utakuta orodha ya masomo: sheria za anga, ufahamu wa jumla wa ndege, uwezo wa ndege pamoja na upakiaji, uwezo na udhaifu wa binadamu, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka, na mawasiliano ya redio. Baadhi ya mamlaka huyakusanya katika karatasi chache za mtihani, lakini maudhui ni yale yale.

Safari moja ya kusomea

Chagua safari fupi ambayo utairuka kweli siku moja. Kwa mwanafunzi wa Nairobi, safari ya kutoka Wilson kwenda Nanyuki inafaa sana. Wa Dar es Salaam anaweza kuchukua ile ya Zanzibar, ambayo ni maili zipatazo 40 za baharini na sehemu kubwa iko juu ya maji, hivyo itamfundisha mapema habari za maboya ya kujiokolea na umbali ambao ndege inaweza kuelea injini ikizima. Nitatumia ile ya Nanyuki kwa kuwa ina milima.

Wilson iko karibu na latitudo ya digrii 1 na dakika 19 kusini, na kiwanja cha Nanyuki kiko karibu na dakika 4 kusini ya ikweta. Tofauti ni dakika 75 za latitudo. Kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, tayari unajua bila rula kwamba Nanyuki iko maili 75 kaskazini mwa Wilson. Ukiongeza mwelekeo mdogo wa kuelekea mashariki, unapata maili kama 77 na uelekeo wa takribani digrii 010. Mstari huo hupita karibu na Nyeri, safu ya Aberdare ikiwa kushoto na Mlima Kenya wenye mita 5,199, yaani zaidi ya futi 17,000, ukiwa kulia. Njia halisi ya kutokea Wilson hufuata taratibu za eneo la udhibiti la Nairobi zilizomo katika AIP, yaani kitabu rasmi cha taarifa za anga cha nchi, na kuzitafuta humo ni zoezi zuri la somo la sheria. Kwa hesabu za darasani, mstari ulionyooka unatosha.

Sasa chukua kanuni ya sitini, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuiona inafanya kazi. Inasema kwamba ukiwa umeruka maili 60 na umepotoka maili moja, kosa lako ni digrii moja. Tuseme umeruka maili 30, na mto unaoutambua kwenye ramani unakuonyesha kwamba uko maili 2 kushoto ya mstari. Kosa lako ni 2 gawanya kwa 30 mara 60, yaani digrii 4. Zimebaki maili 47, na ili kuufikia mwisho wa mstari unahitaji digrii nyingine 2 na nusu. Utageuka kulia digrii 6 na nusu, ambazo katika dira ni kama 7. Ukiiangalia ramani, utaona pia kwamba kupotoka kushoto hapa kunakupeleka kwenye miteremko ya Aberdare, na hilo ndilo linaloifanya hesabu hii istahili kufanywa haraka, kichwani, bila kikokotoo.

Katika safari hiyo hiyo, sheria inakuja yenyewe. Ndege zinazofuata uelekeo wa sumaku kati ya 000 na 179 hutumia maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, na anayeruka kwa kuona, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, huongeza 500. Kwa digrii 010 unaweza kuchagua 7,500 au 9,500. Kitabu hakitakuambia ipi ni bora. Ramani itakuambia: Nanyuki yenyewe iko juu ya futi 6,000, kwa hiyo 7,500 inakuachia nafasi ndogo mno juu ya ardhi inayopanda, na rubani mwenye busara atapanga 9,500.

Mwinuko, joto na injini

Somo la uwezo wa ndege ndilo ambalo vitabu vya nje hulipitia upesi, na sisi tunapaswa kukaa nalo muda mrefu zaidi kuliko yote. Hewa ya kawaida ya ICAO ina nyuzi 15 na mgandamizo wa hektopaskali 1013.25 katika usawa wa bahari, na hupungua joto kwa takribani nyuzi 2 kila futi 1,000. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo hicho, joto lake la kawaida lingekuwa kama nyuzi 4. Mchana wa Februari wenye nyuzi 25 umezidi kawaida kwa nyuzi 21. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza takribani futi 120 katika mwinuko wa msongamano wa hewa, ambao ndio mwinuko unaohisiwa na injini, rafadha (propela) na mabawa. Nyuzi 21 mara 120 ni futi 2,520. Ukijumlisha, ndege yako, ikiwa bado imesimama mwanzoni mwa njia, inafanya kazi kama iliyo futi 8,000 angani.

Usiishie kwenye jibu hilo. Fungua kitabu cha ndege unayofundishiwa, nenda kwenye jedwali la kuondokea, soma umbali wa usawa wa bahari na umbali wa futi 8,000, na uuandike wote wawili pembeni mwa daftari. Utakuta wa pili unaweza kufikia mara mbili ya ule wa kwanza. Kisha jiulize sababu, na utoe zote tatu: injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa takribani asilimia 3 kila futi 1,000, rafadha inasukuma hewa nyepesi, na mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi katika hewa hiyo ili yabebe uzito ule ule. Hapo utaelewa pia kwa nini mwalimu anakutaka upunguze mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuondoka, jambo ambalo mwenzako wa Dar es Salaam, kiwanja chake kikiwa chini ya futi 200, halifanyi.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hujitokeza mara kwa mara katika mitihani. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, mwanafunzi hudhani kwamba anapokaribia kutua lazima kipima mwendo kionyeshe kasi kubwa zaidi. Sivyo. Kipima mwendo chenyewe kinapima msukumo wa hewa, kwa hiyo mabawa yanapoteza ubebaji kwenye alama ile ile unayoiona pwani. Kinachobadilika ni mwendo halisi, ambao huongezeka kwa takribani asilimia 2 kila futi 1,000, na ndiyo maana ardhi inakimbia chini yako na njia inaisha mapema.

Upakiaji nao usomwe kwa namba za kweli. Vitabu vya ndege nyingi za Cessna hutumia paundi na galoni za Kimarekani, bohari la mafuta hukuuzia kwa lita, na abiria hukutajia kilo, wengine wakijipunguzia. Chukua Cessna 172S ambayo uzito wake wa juu wa kuondokea ni paundi 2,550, na tuseme ndege yako ikiwa tupu ina paundi 1,690. Zinabaki 860. Matangi yakijaa, mafuta yanayotumika ni galoni 53, na kwa paundi 6 kila galoni, hayo ni 318. Zimebaki 542, sawa na kilo 246 hivi. Watu wazima watatu wa kilo 80 wamemaliza nafasi, na begi hakuna. Viti ni vinne, lakini kiti cha nne na matangi yaliyojaa haviendi pamoja. Rudia hesabu hiyo kwa lita ukikumbuka kwamba lita moja ya mafuta ya ndege za pistoni ni kama kilo 0.72, kisha zidisha kila mzigo kwa umbali wake kutoka alama ya mwanzo, ujumlishe, ugawanye kwa uzito wote, na uone kitovu cha uzito kimeangukia wapi katika mchoro.

Hali ya hewa isiyo ya Ulaya

Sura za mipaka ya hewa ya joto na baridi zisome na uzijue, kwa sababu mtihani utaziuliza. Zisikupe picha ya anga letu, ambalo linaendeshwa na mambo mengine: ukanda wa mvua unaopanda na kushuka kulifuata jua, kaskazi ya Desemba hadi Machi, kusi inayofuata baada ya hapo, na masika na vuli kati ya hizo. Juu ya hayo kuna tabia za mahali. Katika Ziwa Victoria, upepo wa usiku hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hivyo ngurumo hujengeka majini usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, na radi huhamia kwenye miinuko ya mashariki, ikiwemo Kericho inayojulikana kwa mvua ya mawe. Nairobi, kati ya Juni na Agosti, huamka ikiwa imefunikwa na mawingu ya chini yanayochelewa kuondoka.

Kumbuka vilevile kwamba kitabu cha Ulaya kitakuambia kuwa ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo wa hewa uko kushoto kwako. Kusini mwa ikweta uko kulia, na karibu na ikweta yenyewe kanuni hiyo haitegemeki. Swali la mtihani likisema kizio cha kusini, lisome mara mbili.

Taarifa za viwanja zisomwe kila siku, kwa sauti, hadi zisikusumbue. Huu ni mfano wa kubuni: HKNW 140400Z 05006KT 9999 BKN012 15/13 Q1024. HKNW ni alama ya Wilson, na siku ni tarehe 14. Upepo unatoka digrii 050 kwa noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), macho yanafika kilomita 10 au zaidi, mawingu yamefunika sehemu tano hadi saba kati ya nane za anga kwa futi 1,200 juu ya kiwanja, joto ni nyuzi 15 na kiwango cha umande ni 13, na mgandamizo wa kuwekea altimita, yaani kipima mwinuko, ni 1024. Wanafunzi wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapaswa kuanza. Futi 1,200 juu ya Wilson ni futi 6,736 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vya Ngong vinazidi futi 8,000, kwa hiyo vimezama katika mawingu. Sheria za anga zinasema kwamba katika eneo la udhibiti wa kiwanja, anayeruka kwa kuona haondoki wala hatui ikiwa dari ya mawingu iko chini ya futi 1,500, isipokuwa kwa kibali maalumu. Na tofauti ya nyuzi 2 kati ya joto na umande inakueleza kwa nini mawingu yako pale. Mstari mmoja umegusa hali ya hewa, sheria na uongozaji wa safari, na safari yako ya Nanyuki ya futi 9,500 asubuhi hiyo haipo.

Saa inastahili neno lake. Namba 0400Z ni saa ya UTC, yaani saa ya ulimwengu, na Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele, kwa hiyo ni saa moja asubuhi. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili ana njia ya mkato: mchana, ongeza tatu kwenye saa unayoitamka. Saa tatu asubuhi ni 0600Z, saa sita mchana ni 0900Z, saa kumi na moja jioni ni 1400Z. Kwa Kigali na Bujumbura, ongeza nne. Usiku njia hiyo haifai, na baada ya saa sita usiku hadi saa tisa tarehe ya UTC huwa bado ni ya jana, jambo linaloharibu mipango ya safari iliyojazwa kwa haraka.

Masomo yaliyobaki

Sheria za anga na redio zianze mapema, kwa kuwa shule nyingi hutaka uwe umefaulu sheria kabla ya kuruka peke yako. Ishara za taa na kanuni za kupishana ni za kukariri tu, hakuna falsafa: mkikabiliana uso kwa uso kila mmoja anageuka kulia, mkikatizana, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha, taa ya kijani isiyometa kwa aliye angani ni ruhusa ya kutua, na nyekundu inayometa ni onyo kwamba kiwanja si salama. Redio isomwe kwa mdomo, pamoja na mwenzako akijifanya mwongozaji, kwa maana anayeisoma kimyakimya hukwama siku ya kwanza anapobonyeza kitufe. Jizoeze kurudia maneno ya ruhusa yanayolazimika kurudiwa: njia ya kurukia, mwinuko, uelekeo, mgandamizo wa altimita na namba ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada.

Katika ufahamu wa ndege, usiiruke sura ya barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, kwa kudhani ni ya nchi za baridi. Hewa ikipanuka ndani ya kabureta na mafuta yakivukizwa, joto hushuka ghafla, na kwenye unyevunyevu wa pwani barafu inaweza kujengeka hata siku yenye nyuzi 25 au zaidi. Vilevile usome vizuri dalili za kuziba kwa mrija wa pito, ule unaopokea hewa ya mbele kwa ajili ya kipima mwendo, kwa sababu nyigu wetu hupenda kujenga humo ndege ikilala nje bila kifuniko: tundu la mbele na la kutolea maji yakiziba yote, kipima mwendo huanza kufanya kazi kama altimita, kikionyesha kasi inayoongezeka kadiri unavyopanda.

Somo la binadamu ni fupi, na linafaa kwa jioni za uchovu. Lihusishe na maisha ya hapa: aliyepiga mbizi Mafia au Diani asubiri saa 24 kabla ya kuruka, na dawa za malaria zisimezwe bila kumuuliza daktari wa anga, kwani mefloquine, kwa mfano, mamlaka nyingi haziruhusu rubani kuitumia.

Lugha na maswali ya mazoezi

Mtihani ni wa Kiingereza. Soma kwa Kiingereza, lakini ukimaliza sura ifunge na umweleze mtu kwa Kiswahili, hata kama ni ndugu asiyejua lolote kuhusu ndege. Ukiweza kumfahamisha kwa nini bawa hupoteza ubebaji kwa kuzidi pembe yake dhidi ya hewa na si kwa upungufu wa kasi peke yake, na kwa nini katika mzingo ambao ndege imeinama digrii 60 uzito unakuwa mara mbili na kasi ambayo bawa hupoteza ubebaji inapanda mara 1.41, basi umeelewa. Ukijikuta unarudia sentensi za kitabu, rudi kwenye sura.

Mabenki ya maswali yatumike mwishoni mwa kila somo, kamwe si mwanzoni. Kwa kila swali, andika kwa nini majibu matatu mengine si sahihi. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo inayotenganisha aliyekariri herufi na aliyeshika somo. Kikokotoo cha duara cha urubani kishike mkononi kila siku kwa robo saa, ukikitafutia upepo, muda na mafuta ya safari ile ile, hadi vidole viache kusitasita. Katika wiki ya mwisho fanya karatasi nzima kwa muda kamili, ukiwa umekaa mezani na simu iko chumba kingine.

Daftari la safari ya Nanyuki lisitupwe baada ya mitihani ya darasani. Siku ya mtihani wa kuruka, mkaguzi atakuuliza kwanza mezani kuhusu hali ya hewa, uzito, umbali wa kuondokea na mafuta, na maswali hayo utakuwa umekwisha kuyajibu kwa mkono wako mwenyewe.